Vishimo Katika Sabuni

Kwa miaka mitatu nilikuwa nikikuta vishimo katika sabuni zangu, na kwa miaka hiyo yote nilimlaumu asiyehusika. Kwanza niliwatuhumu panya. Lakini panya hutafuna, na hivi vilikuwa vimebonyezwa, kimoja kimoja, kina chake ncha ya kidole, mviringo wake kalamu nene ya seremala. Havikuonekana ila katika vipande vya kasoro, vile vya pembeni ambavyo sisi huviweka kando viyeyushwe upya. Nikiuliza, mke wangu hunijibu bila ya kuinua macho kutoka kwenye karatasi anazofungia.

"Ni ndege, bwana. Ndege wa sabuni."

Na dada yangu, kitindamimba wetu, hucheka chini kwa chini huku waya wake wa kukatia ukipita katikati ya mche wa sabuni kama unaopita katika maji.

Nyumba yetu ni ya sabuni tangu enzi ya marehemu baba, Mola amrehemu. Upande wa nyuma ndiko iliko karakana yangu, yenye masufuria na mizani, na mlango wake mpana hufunguka uani. Mbele ya karakana vipo vyumba viwili vilivyopakana: chumba cha kukatia, ambacho ni himaya ya dada yangu, na chumba cha kufungia, ambacho ni himaya ya mke wangu. Ukuta uliovitenga una kidirisha kipana cha kupitishia trei, na kupitia kidirisha hicho wawili hao hupitisha pia habari zote za dunia, vicheko, na malalamiko juu yangu. Mimi ndiye mpishi. Wateja wameniita Mzee Pua, kwa kuwa hufumba macho, nikanusa kipande cha sabuni, nikataja mafuta yaliyomo na hata juma yalipochanganywa. Lakabu hiyo niliipenda kuliko ilivyonifaa kuipenda.

Dada yangu wanamwita Waya, kwa ajili ya kazi yake. Miaka mitatu iliyopita alikuwa akianua nguo uani, akaumwa na nyuki mmoja kifundoni mwa mkono. Nyuki mmoja tu. Hakupiga hata kelele. Lakini kabla hajamaliza kukunja shuka la pili, midomo ilimvimba, macho yakazibika, na pumzi ikawa inatoka kwa sauti nyembamba kama ya filimbi iliyopasuka. Tulimfikisha hospitali akiwa hajui mbele wala nyuma. Daktari alitwambia, tena bila ya kupamba maneno, kwamba wako watu ambao damu yao huipokea sumu hiyo kwa hasira iliyopita kiasi, na kwamba mara ya pili huenda ikawa kali kuliko ya kwanza. Akampa sindano mbili za dawa, zenye umbo la kalamu nene: huvuta kifuniko cha nyuma, hubonyeza ncha ubavuni mwa paja hata juu ya nguo, nayo hufyatuka yenyewe. Mbili, kwa sababu moja huweza kuisha nguvu kabla mgonjwa hajafika hospitali. Dada alizishonea mfuko wa turubai, na kila zilipokaribia mwisho wa muda wake, alikwenda kuchukua nyingine.

Mimi nilifanya langu. Niliweka nyavu madirishani. Niliung'oa kwa mikono yangu mti wa yasmini alioupanda mama, kwa kuwa ulialika nyuki. Nikampiga dada marufuku kukanyaga uani, yeye mtu mzima wa miaka arubaini. Mapenzi yangu yalikuwa mapenzi ya mwenye ufunguo, na kila jioni nilipofunga milango nilijiona nimefanya ibada.

Basi asubuhi moja mke wangu akarudi kutoka uani kwa mwendo wa mtu aliyesahau kitu na hataki kuonekana akikimbia.

"Ghala linanguruma," akasema.

Nikatoka. Ghala letu ni la mbao, limejaa mapipa ya mafuta ya nazi na mawese. Juu ya mlango palikuwa na tundu la bomba kuukuu lililoondolewa, na kwenye tundu hilo nyuki walikuwa wakiingia na kutoka kama waumini mlangoni siku ya Ijumaa, bila ya kusukumana. Kundi zima lilikuwa limehamia nyuma ya ubao.

"Leteni matambara na mafuta ya taa," nikasema. "Tuwachome."

"Moto? Pembeni mwa mapipa ishirini ya mafuta?" mke wangu akanitazama toka kofia mpaka viatu. "Hapo, bwana, tutaoga wote sabuni ya mwisho."

"Basi dawa ya wadudu."

"Kaka," dada akasema kupitia wavu wa dirisha lake, "ukiwapulizia na wasife wote, watakaobaki watamtafuta nani? Muite Bi Taratibu."

Huyo Bi Taratibu nilikuwa nikimsikia tu. Ni mwanamke wa makamo ambaye kazi yake ni kuhamisha nyuki: huwatoa darini, ukutani, ndani ya mitungi ya maji, akawapeleka mizingani kwake nje ya mji. Alikuja jioni ile kutazama, amevaa nguo nyeupe zilizofuliwa hata zikakosa rangi ya weupe wenyewe, na alitembea kama mtu aliyebeba kichwani ndoo iliyojaa pomoni. Hakuvaa wavu usoni. Alisimama kando ya tundu, si mbele yake, ili asiwazibie njia. Akaacha mikono ining'inie. Kisha akaweka sikio kwenye ubao, akafumba macho. Nilimjua pale pale kuwa ni fundi, kwa maana mimi nami hufumba macho ninapofanya nilijualo.

"Si wakorofi," akasema. "Wageni tu. Bado wanapanga vyombo."

Nyuki mmoja akatua kwenye shavu lake. Mke wangu akainua kanga ampunge.

"Muache, mama. Akitua hivi hana ugomvi, ananiuliza tu mimi nani. Ukimpiga ndiyo unamjibu vibaya."

Nyuki akatembea hadi ukingo wa sikio, akaruka zake. Nikasema moyoni, ametakasika Mola aliyemtia kiumbe mdogo kama huyu elimu ya kujenga bila ya rula, na akamtia mwanamke huyu subira ya kumsubiri.

Tulipokaa katika chumba cha kufungia, nilimweleza habari ya dada. Bi Taratibu hakushtuka, wala hakunipa pole za haraka. Aligeukia kidirisha, akazungumza na dada mwenyewe.

"Siku ya kazi, dada, wewe hutakuwapo hapa. Nenda kokote."

"Hatoki," nikasema mimi. "Njiani kuna miti na maua na majalala. Hapa nimeweka nyavu. Ndani ya chumba chake ndimo salama."

"Nilikuwa nazungumza na dada."

"Mimi ndiye mkubwa wake."

Mke wangu akakohoa. Dada akacheka kidogo, kicheko kisicho na furaha, akasema, "Andika umeshindwa, Bi. Kwa huyu hata kivuli changu huomba ruhusa."

Bi Taratibu akafikiri. Kisha akakubali kwa masharti, naye aliyahesabu polepole kwa vidole vyake vilivyojaa makovu. Mlango wa dada unaoingilia karakana ufungwe, na chini yake pazibwe kwa kitambaa kilicholowa. Mfuko wa sindano ukae kiunoni mwake, si msumarini. Sisi wengine tuvae nguo nyepesi za rangi ya kukwajuka, maana nyuki huchukia weusi na manyoya. Atakayeumwa asisimame kushangaa. Aingie ndani, afunge mlango, na mwiba uondolewe papo hapo.

"Kwa kibano?" mke wangu akauliza.

"Kwa chochote kilicho karibu. Kucha, ukingo wa kadi, kisu butu. Mwiba huendelea kusukuma sumu hata nyuki mwenyewe akiwa ameshaondoka, kwa hiyo haraka ndiyo nusu ya dawa. Halafu maji na sabuni, na kitu cha baridi. Sabuni, alhamdulillahi, naona hamna shida nayo."

"Na harufu," akaongeza, sasa akinigeukia mimi. "Mzee wangu, hii nyumba yako inanukia mpaka kona ya barabara. Siku hiyo sitaki manukato. Chupa zote zifungwe."

"Zote," nikasema.

Naye akaridhika, kwa sababu niliyasema hayo kwa sauti ya mtu mwenye elimu yake.

Siku ya tatu, jua lilipokuwa limepanda kiasi cha kukausha umande, Bi Taratibu alifika na bomba lake la moshi, masanduku mawili na kofia ya wavu. Alinikuta karakanani nikikoroga. Nilikuwa nimekwisha kuchanganya mafuta na maji ya soda kali tangu alfajiri, kwa kuwa nilikuwa na ahadi ya sabuni za watoto za shule ya jirani, nami katika miaka arubaini sikuwahi kumwaga sufuria hata moja. Hilo nalo nilijivunia.

"Umefunga chupa?" akaniuliza kutoka mlangoni.

Nikamwonyesha kasha. Waridi, yasmini, mchaichai, mlangilangi, vyote nilivifungia humo na kufuli juu. Akatikisa kichwa kwa kuridhika, akatoka uani, akavuta wavu wake usoni. Nilimwona kupitia mlango akipuliza moshi mwepesi tunduni, akangoja, akapuliza tena, kisha akaanza kung'oa ubao wa kwanza, msumari baada ya msumari, akikamata kila mmoja kabla haujaanguka ukalia.

Ni lazima nieleze jambo moja la kazi yetu. Sabuni inapokorogwa hufika mahali inapoanza kushika: mwiko ukiinuliwa, mchuruziko wake hubaki juu kama mchoro, usizame. Hapo ndipo harufu hutiwa. Kabla ya hapo ni mapema, na baada ya hapo ni jiwe. Hakuna kungoja. Sufuria yangu ilishika ubao wa pili ulipokuwa uking'olewa.

Na sabuni ya watoto ilikuwa ya harufu ya ndizi.

Chupa ya ndizi haikuwamo kashani. Ilikuwa kwenye rafu ya juu, pamoja na rangi. Wakati nilipokuwa nikifungia manukato, mkono wangu uliipita bila ya kusita, kwa kuwa akilini mwangu niliyagawa mambo hivi: nyuki hufuata maua, na ndizi si ua. Pua yangu, iliyosifiwa na mji mzima, ilitoa hukumu hiyo, nami sikuona haja ya kumwuliza mwenye elimu yake aliyekuwa hatua kumi mbele ya macho yangu. Nilifungua chupa, nikamimina. Feni ilikuwa ikizunguka nyuma yangu, ikisukuma hewa kuelekea uani.

Kitu cha kwanza kubadilika kilikuwa sauti. Mngurumo ule wa kutulia ulipanda ghafla, ukawa mkali kama msumeno unaokutana na fundo. Nikamsikia Bi Taratibu akisema, si kwa ukelele bali kwa uthabiti, "Nani amefungua nini?" Kisha wakawa wamenifikia.

Sitaficha: nilifanya kila alilotukataza. Nilipunga mwiko. Nilipiga shingo kwa kofi. Nilikimbia, na miguu yangu, kwa mazoea ya miaka mitatu, ilinipeleka pale nilipopaita salama. Mkono wangu ulikuwa tayari kwenye kitasa cha mlango wa dada.

"Usiufungue!" Bi Taratibu akapaza sauti, na hiyo ndiyo mara pekee niliyopata kuisikia ikipanda. "Mlango wa pili, mzee! Wa pili!"

Wingu lote lilikuwa mgongoni mwangu. Nikaung'oa mkono wangu kitasani kwa nguvu kama mtu anayejibandua kwenye chuma cha moto, nikajitupa katika chumba cha kufungia. Mke wangu akaubamiza mlango. Kwa Mola, nikifikiria unene wa ubao ule na jinsi kitasa kilivyokwisha kuzunguka nusu, hata leo viganja hunitoka jasho.

Mke wangu hakupoteza muda. Alinivua kofia, akachukua kipande cha kadi ngumu tunayofungia sabuni, akaanza kunikwangua miiba shingoni na mikononi, akihesabu kwa sauti ili asilie.

"Kumi na tatu. Kumi na nne. Tulia, bwana, umekuwa nungunungu mzima. Kumi na tano."

Mimi nilikuwa nikisoma. Nilisoma zile dua za kinga ambazo huzisoma kila alfajiri, na dada huzisikia kupitia ukuta tangu utoto wake. Nilidhani ninasoma vizuri.

"Kaka," sauti yake ikaja kupitia kidirisha. Uso wake ulikuwa pale, mweupe kama karatasi. "Rudia hapo mwisho."

Nikarudia.

"Tena."

"Mdogo wangu, niache na Mola wangu."

"Sauti si yako. Inakwama. Viganja vinakuwasha?"

Vilikuwa vikiniwasha. Nilidhani ni soda.

"Ulimi je? Unahisi kama kuna jambo baya linakuja na hulijui?"

Nilipotaka kumjibu, niliona kwamba ulimi wangu umekuwa wa mtu mwingine. Kuta zilianza kusogea mbali. Mke wangu akanikamata nilipokuwa nikienda chini.

"Wifi," dada akasema, kwa sauti bapa isiyo na mtikisiko, "piga simu hospitali, sema gari lije, sema ni nyuki na pumzi inafunga. Mlaze. Usimsimamishe hata akitaka. Chukua hii." Akapitisha sindano moja kidirishani. "Vuta kifuniko. Bonyeza ubavu wa paja."

Mke wangu ana mikono iliyofunga sabuni malaki kwa malaki bila ya kuchana karatasi. Lakini mikono ile ilikuwa ikitikisika hata nikaisikia bangili yake ikilia. Aliishika sindano juu chini, kidole gumba kikiwa kwenye upande wa kufyatukia.

"Wifi, usiguse hapo! Geuza. Wifi!"

"Siwezi. Siwezi, siwezi, njoo wewe..."

Alipokwisha kulitamka ndipo alipojua alichokitamka. Mikunjoni mwa kanzu yangu nyuki walikuwa bado wakitambaa. Wawili walikuwa dirishani wakigonga kioo. Nikataka kusema hapana. Nilikusanya pumzi yote iliyobaki kwa ajili ya neno hilo moja, lile nililomwambia kila siku kwa miaka mitatu, na halikutoka.

Dada yangu alikunja vazi lake kiunoni, akaweka goti kwenye kidirisha cha trei, akapita.

Nimesoma katika tenzi habari za mashujaa waliopanda ngome kwa ngazi za kamba, na farasi waliovuka mito ya damu. Sijasoma habari ya aliyepita katika tundu la trei za sabuni kuingia chumba chenye kifo chake mwenyewe kinachotembea dirishani, naye akashuka upande wa pili taratibu, unyayo baada ya unyayo, ili asitikise hewa. Aliichukua sindano mkononi mwa mke wangu, akaigeuza, akaitia ubavuni mwa paja langu. Nilisikia mfyatuko. Hakuitoa. Aliishikilia, midomo yake ikihesabu, na mkono wake ulikuwa umetulia kama mkono unaokata mche wa sabuni.

Pumzi ilirudi kidogo, kama mlango uliofunguliwa kwa ufa. Alinisogezea trei tupu chini ya miguu, ikainuka. Aliendelea kunitazama na kuitazama saa ya ukutani. Mke wangu alikuwa akizungumza na hospitali, akilitaja jina la mtaa mara tatu tatu. Zilipita dakika, na ule ufa ukaanza kuzibika tena.

Nilimwona akitia mkono katika mfuko wa turubai. Ilikuwamo moja tu. Wote watatu tulijua ni ya nani.

"Wifi yangu," mke wangu akanong'ona, "na wewe je?"

"Mimi sijaumwa. Yeye ndiye aliyeumwa."

Akavuta kifuniko. Mfyatuko wa pili. Mfuko ukawa mtupu, akautupa kando.

Na hapo ndipo nyuki mmoja alipotoka chini ya ukosi wangu, akapanda juu ya mkono wa dada yangu uliokuwa bado umeishikilia sindano pajani mwangu. Alitembea kwenye kidole cha shahada, akavuka kifundo, akasimama mahali pale pale, wallahi, pale pale alipoumwa miaka mitatu iliyopita. Dada hakuuondoa mkono. Hakupuliza. Aliendelea kuhesabu. "Saba," akasema. "Nane."

Mlango wa upande wa barabara ukafunguka kwa ukimya, akaingia Bi Taratibu. Alikuwa amezunguka nyumba nzima ili asipitie karakanani, na wavu wake ameuvua nje. Aliona mara moja. Alichukua karatasi moja ya kufungia kutoka mezani, akapiga magoti, akailaza mbele ya nyuki kama anayemtandikia mgeni mkeka.

"Tisa," dada akasema.

"Taratibu," akasema Bi Taratibu, sijui alimwambia nani.

Nyuki akaigusa karatasi kwa kipapasio kimoja. Akafikiri. Kisha akapanda. Bi Taratibu akaibeba karatasi hadi nje kama anayebeba maji kiganjani, akaufunga mlango.

"Kumi," akasema dada, akaitoa sindano, na hapo tu ndipo alipoanza kulia.

Gari la wagonjwa lilifika pumzi yangu ikiwa imeshafunguka. Nililala hospitali siku mbili. Daktari yule yule alinitazama juu ya miwani, akasema kwamba na mimi nimo katika safu hiyo hiyo, na kwamba kama ningengoja gari bila ya dawa, mazungumzo hayo tusingekuwa nayo. Akaniandikia sindano zangu mbili.

Niliporudi, nyuki walikuwa wameshahama. Bi Taratibu aliwaacha watulie siku ile, akarudi kesho yake akawatoa wote pamoja na masega yao. Alikuja kunijulia hali, nikamweleza habari ya chupa. Aliiomba aione. Aliifungua mlangoni, mbali, akanusa mara moja, akaifunga, akacheka kwa huzuni.

"Mzee wangu, nyuki akishauma, huacha harufu inayowaita wenzake: njooni, adui ni huyu. Unajua inanukia nini? Ndizi mbivu. Wewe uliwapigia tarumbeta ya vita kwa sufuria nzima." Akanirudishia chupa. "Nilipaswa kukuuliza na habari ya matunda. Nusu ya kosa ni yangu."

"Hapana, Bi. Uliniuliza chupa zote, nami nikakujibu zote. Hakuna nusu hapo."

Sufuria ile niliikuta imekuwa jiwe, na nyuki kadhaa wamezama juu yake. Niliivunja kwa patasi, nikaimwaga yote. Ilikuwa ya kwanza katika miaka arubaini, na ajabu ni kwamba haikuniuma.

Jioni hiyo nilikwenda chumba cha kukatia. Dada alikuwa ameketi mbele ya vipande vya kasoro, mkononi ana kalamu nene ya seremala. Hakuificha. Aliikamata ngumini, gumba likiwa mbali na ncha, akaibonyeza katika sabuni ya mwisho kabla ya balaa lile, iliyokuwa bado laini, akahesabu hadi kumi, akaitoa. Kikabaki kishimo.

Nilikaa kando yake. "Kumbe ndege ni wewe."

"Kila Jumapili, kaka. Sabuni ya siku mbili ina ulaini wa paja. Nilisema, siku ikija, akili itakimbia. Basi angalau mkono ubaki."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungenikataza. Ungesema najichumia balaa." Akapitisha kidole juu ya kishimo. "Nilikuwa nalisomea paja langu. Sikujua nalisomea lako."

Nilitaka kumwambia maneno makubwa, na ninayajua mengi. Lakini yote niliyoyapima yalikuwa mepesi kuliko kishimo kile. Nikaomba radhi kwa mti wa yasmini. Akasema mti utapandwa mwingine, mbali na kamba ya nguo, na kwamba atauchimbia shimo yeye mwenyewe, uani, kwa mkono wake, mfuko ukiwa kiunoni, na ole wangu nikae mlangoni kumlinda. Nikasema sawa. Akanikazia macho aone kama nimesema kweli.

Kisha akanisogezea kipande cha sabuni na ile kalamu. Niliikamata kama nilivyoona. Mke wangu alitokeza uso kidirishani, kidevu juu ya trei.

"Haya makubwa. Ndege wamezaana."

Nilibonyeza, nikahesabu hadi kumi, nikaitoa. Dada akainama, akakichunguza kishimo changu kwa jicho moja kama anavyochunguza mstari wa waya.

"Kimepinda, kaka. Rudia."

Nikarudia.